Viti Kumi na Sita na Mlango Mmoja

Mpendwa Mama Apolonia,

Nakuandikia nikiwa nimesimama, karatasi nimeilaza juu ya gunia la sukari jikoni kwangu hapa Iyunga, na utaona mwenyewe kwa nini nimesimama wakati mle ndani, hatua sita kutoka hapa, nina viti kumi na sita ambavyo ni vyangu, nimevipata kwa maandazi na vitumbua nilivyouza kando ya barabara miaka minne, mvua na baridi. Naomba unisaidie mawazo, lakini nakuambia mapema kwamba kama ushauri wako ni kuninyamazisha, huo nimekwisha kuupata kwa watu wengi na sikuutaka.

Hoteli yangu ni ya chai, iko kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma, na kabla sijaijenga nilizunguka hoteli zote za mjini Mbeya nikaona jambo moja, kwamba wanaume wanakalia viti na wanawake wanaletewa chai nje, wanainywa wamechuchumaa ukutani na mizigo yao, basi nikasema yangu itakuwa na viti vya namna moja tu, vya kila mtu, nikamtafuta fundi anayeijua kazi, Ambrosi, Mbena wa Mafinga, ambaye hapigi misumari, anachonga ulimi na tundu mpaka mbao zinashikana zenyewe, nikamwambia visiwe na mikono, maana mama mwenye mtoto ubavuni na kapu mkononi hatoshi kati ya mikono ya kiti, na mgongo wa kiti ulale nyuma kidogo kwa ajili ya mtu aliyebeba viazi tangu alfajiri. Na urefu nilipima kwa uangalifu, nilichukua kamba nikapima goti la mume wangu Asukile alipokuja likizo kutoka migodini, nikafunga fundo, nikaipeleka kamba Mafinga kwa lori. Viti vilipofika watu walisimama barabarani kuvitazama, nami nilijisikia fahari, sioni haya kusema.

Sasa baba mkwe wangu. Jina lake silitaji wala siliandiki, labda huko Iringa hamna desturi hii, lakini sisi Wanyakyusa mke hamtazami baba wa mumewe, hapiti mbele yake, hakai naye chumba kimoja, akimwona njiani anaingia majanini na kumpa mgongo mpaka apite, na kwa wazee wa rika lake ni hivyo hivyo. Desturi hiyo naishika na sijawahi kuivunja. Yeye akaleta maneno kwa binti yake, wifi yangu Alinanuswe, naye akaniambia, “Ugwe Sekela, baba anasema utengeneze kiti kimoja kikubwa cha mikono, kikae mbele, cha kwake, halafu wanawake uwatandikie mkeka kule nyuma. Anasema mwanamke akishalingana na mwanaume kwenye kiti, nyumbani hawezi kuinama tena.” Nikamwambia amrudishie baba jibu, kwamba kiti cha mikono sitengenezi na mkeka situmii.

Basi akatengenezewa mjini, kiti kama cha hakimu, akakiweka mlangoni kwangu, katikati kabisa, na anakikalia tangu chai inapochemka mpaka jua linazama, hanywi kitu, hasemi kitu, hata chakula analetewa hapo hapo. Hoteli ina mlango huo mmoja. Jiko langu liko kibanda cha nyuma na chai inapitia kidirishani, Alinanuswe ndiye anayeipokea na kuhudumia, yeye ni binti yake anaweza kumpita, lakini mimi wiki ya tatu sasa sijaingia katika hoteli yangu, na wanawake walioolewa na wana wa wazee wa rika lile nao hawaingii, wanapitiliza. Wanaoingia ni wanawake wa Kisafwa wanaotoka sokoni, na wao nawaona kwa kidirisha wanakaa ukingoni mwa kiti miguu ikining'inia, hawatulii, wengine wanashuka wanakaa chini, naamini ni kwa sababu ya macho ya yule mzee. Mimi mwenyewe sijakalia hata kimoja.

Asukile nimemwandikia, amejibu mstari mmoja, “Mwachie baba, mimi niko mbali.” Na baba mkwe amekwisha kupata mwenye klabu moja ya mjini atakayekuja mwisho wa mwezi na lori kuvichukua viti vyote, hoteli ifungwe. Ambrosi alipopita kukaza kiti kimoja aliniambia, “Mama, we nipe ruhusa tu. Hicho kiti cha mzee nikikate miguu, akikuta kigoda atarudi kwake mwenyewe.” Nilicheka, halafu nikaona nakaribia kukubali. Je, nimpite baba mkwe usoni nivunje desturi ya watu wangu, au niviuze? Kuviuza sitaki, nakuambia kabisa, sitaki.

Sekela, Iyunga

*

Sekela,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nikakukasirikia, na nitaanza na hasira kwa sababu ndiyo yenye faida kwako.

Ulipima goti la nani? La Asukile. Mwanaume aliye migodini, ambaye mwaka huu hatakunywa hapo hata kikombe kimoja. Umegombana na ukoo mzima kwa ajili ya viti vya wanawake, halafu ukavitengeneza kwa goti la mwanaume. Wale Wasafwa hawana mkwe mlangoni, dada yangu. Mzee wa watu hawamjui wala hawamwogopi. Miguu yao haifiki chini, basi. Mimi nimeketi miaka saba kwenye benchi la miguu mirefu la ofisi moja hapa Iringa nikiandika barua za watu, na najua miguu isiyogusa sakafu inavyokufa ganzi mpaka unaona afadhali ukae chini kwenye saruji. Ulichagua vizuri mgongo, ulichagua vizuri kuacha mikono, na fundi umepata fundi kweli. Kipimo ndicho ulichokikosea, na kosa hilo si la baba mkwe, ni lako.

Kwa hiyo huyo Ambrosi mpe ruhusa ya kukata miguu, ila si ya kiti cha mzee. Akate ya viti vyako. Wasimamishe wanawake watano wa sokoni, wafupi na warefu, uwapime kwa kamba ile ile, ufunge fundo jipya. Nadhani vitapungua vidole viwili au vitatu. Avisimamishe kwenye sakafu iliyo sawa kabla ya kukata, visije vikayumba. Vinne aviache kama vilivyo, maana madereva wa malori nao ni wateja na wana miguu mirefu.

Sasa tuje mlangoni. Desturi usiivunje. Mimi ni Mhehe, sisi nasi tuna adabu zetu kwa wakwe, na siwezi kumwambia mtu wa kwao azitupe zake kwa sababu ya chai. Lakini iangalie vizuri hiyo desturi. Imekukataza kupita mbele ya mzee. Haikukukataza kutoboa ukuta. Ita mwashi, afungue mlango wa pili ubavuni, unaotazama barabara, wenye upana ule ule wa kwanza. Usiniambie utawapitisha wanawake jikoni, hapo utakuwa umetandika ule mkeka kwa mkono wako. Akikihamishia kiti chake mlango wa pili, wa kwanza utakuwa wazi. Mzee mmoja hawezi kukalia milango miwili.

Ukishaingia, chukua kiti kimoja, kiweke katikati ya chumba, ukigeuze umpe mgongo, ukae. Hao wanawake wengine wenye wakwe wa rika lile wakae hivyo hivyo, chai mkononi. Huko majanini ukimwona si mgongo unampa? Basi mpe mgongo na hapa, na wa kiti juu yake. Hakuna atakayesema umekosa heshima, utakuwa umeifuata kuliko yeye. Chumba ni chako, yeye ndiye atakayekuwa amejiweka chumba kimoja na mke wa mwanawe mchana kweupe, anautazama mgongo wake, na barabara kuu inapita. Maana desturi hiyo inamfunga na yeye, ila amezoea wewe ndiye unayekimbia. Wazee wa rika lake wataliona jambo hilo upesi sana, na watamwambia maneno ambayo mimi na wewe hatuwezi kumwambia. Siku atakayoondoka, kiti chake kifutwe vumbi vizuri, Alinanuswe akirudishe nyumbani kwake kwa adabu.

Mwenye klabu akija na lori, mwambie viti vina mwenyewe na mwenyewe yupo. Mume wako mwandikie mara moja tena, si kuomba, ni kumjulisha. Aliyesema yuko mbali amekwisha kukuachia kazi ya walio karibu.

Neno la mwisho. Katikati ya barua yako, kwa maneno machache kama mtu anayejipitia zake, umesema wewe mwenyewe hujakalia hata kimoja. Hilo limeniuma kuliko yote. Maandazi ya miaka minne, Sekela, na bado unaandika umesimama. Baba mkwe alikufungia mlango wiki tatu, lakini siku vilipofika hakuwepo mlangoni, na hukukaa hata siku hiyo. Ungekaa, ungejua vimezidi urefu. Kwa hiyo msumeno ukimaliza, kabla ya mteja yeyote, chagua kiti chako, weka miguu yote miwili chini, egemea mpaka mgongo uguse mbao, na unywe chai yako ikiwa bado ya moto.

Mama Apolonia, Iringa