Mfuko wa Akiba

Tukuyu,
12 Juni 1994

Kwa dada yangu mpendwa Tulia,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mama naye kifua kimeanza kumpa nafasi ya kulala. Sisi huku hatujambo. Baridi imeanza kuuma na wanangu wote wawili wanakohoa, ila wanacheza. Mfikishie mama shikamoo yangu, na umwambie dawa ya kuchua aliyoiagiza nimeipata.

Barua yako niliipata Alhamisi. Umeniuliza kama maneno yanayosemwa sokoni Mpuguso juu ya mume wako ni ya kweli, kwa kuwa mimi nilikuwepo mlimani, na mdogo wako wa tumbo moja hawezi kukudanganya. Umeandika kwamba kama kweli shemeji Ambindwile aliiba chakula cha wageni, wewe hurudi tena kwake kule Suma. Dada, mstari huo nimeusoma mara nne. Nakuomba usome yote haya mpaka mwisho ndipo uamue.

Jairo unamfahamu, yule aliyepunguzwa kazi shirika lao lilipouzwa. Siku hizi anapeleka wageni kulala kwenye mahema juu ya Mlima Rungwe. Mimi nilikuwa mpishi wake; shemeji na kijana mmoja aitwaye Meshaki walikuwa wapagazi. Safari ya Pasaka nilibeba chakula kingi mno. Wali ulibaki, ukachacha, nikaumwaga nyuma ya mahema, na kulipokucha ngedere walikuwa wamejaa pale, wamechana hata hema la mgeni. Jairo alinigombeza mbele ya watu. Alisema safari nyingine ikibaki hata punje moja, atachukua mpishi wa hotelini kutoka Mbeya. Nawe wajua, tangu mume wangu baba Lugano afariki, kazi hiyo ndiyo iliyokuwa jembe langu.

Basi mwezi wa tano walikuja walimu watano kutoka Iringa, wanaochunguza mimea, wakae siku nne. Nilifungasha kwa siku mbili nzima. Unga niliupima kwa kikombe, kila mlo na mfuko wake wa nailoni, na kila mfuko nikauandika siku yake. Maharage niliyachemsha nusu nikayaanika kwenye ungo, ili yaive upesi na kuni zisiliwe bure. Vitunguu nilivimenya nyumbani, maganda yabaki kwa mbuzi. Dagaa nilitoa vichwa nikawakaanga. Hata maparachichi niliyapanga: laini ya siku ya kwanza, magumu ya siku ya mwisho. Jairo akaagiza pia mfuko wa akiba, unga na maharage na sukari vya siku mbili, usifunguliwe ila kwa shida.

Siku mbili za kwanza kila sufuria ilirudi tupu. Jairo alinisifu mbele ya wageni, na mimi, Mungu anisamehe, nilivimba kichwa.

Siku ya tatu ukungu ulishuka mpaka ikawa huoni mkono wako. Mwalimu mmoja, Veronika, aliteleza kwenye mizizi, kifundo cha mguu kikavimba hata kiatu kikagoma kutoka. Jairo alisema kumteremsha kwenye utelezi ule ni kutafuta maiti, tungoje. Siku ya nne ukungu ukazidi, na mvua juu yake. Jioni tulibaki na unga wa uji mfuko mmoja na maparachichi matatu, na sisi tulikuwa watu tisa.

Jairo akaniambia nifungue akiba. Nilikwenda kwenye mizigo, nikainama, nikapekua muda mrefu. Nikarudi nikasema haumo. Jairo akauliza mzigo wa chakula alibeba nani. Nikajibu, shemeji Ambindwile.

Shemeji aliapa kwamba alibeba kile alichopewa. Meshaki akadakia kwamba alimwona amebaki nyuma peke yake pale kijitoni, tulipokuwa tunapanda. Ndipo maneno yalipoanzia. Nilipogawa uji, shemeji kikombe chake alimpa mwalimu Veronika. Kulipopambazuka alimwambia Jairo anashuka kutafuta chakula. Jairo akasema mwacheni aende, huyo harudi.

Alirudi saa kumi jioni, matope hadi kiunoni, kiwiko kinatoka damu, na begani amebeba mfuko ule ule wenye mwandiko wangu, AKIBA. Alieleza kwamba ameukuta jikoni kwa mlinzi wa msitu, chini kule tulikolala kabla ya kupanda, umesukumwa nyuma ya kuni. Meshaki alicheka, akasema, “Aliyeficha ndiye ajuaye pa kufukua.” Jairo akamwambia shemeji kwamba wageni wakishashuka salama, asimwone tena kwenye mlima ule.

Shemeji alinitazama mimi tu. Nikaupokea mfuko, nikasonga ugali, tukala tukashiba. Kesho yake kulitakata, tukateremka.

Dada, mfuko ule niliuacha mimi. Asubuhi ile tulipokuwa tunagawa mizigo kwa mlinzi, niliushika nikaona huu utarudi haujafunguliwa, au utafunguliwa ubaki, na Jairo atasema nimezidisha tena. Nikausukuma nyuma ya kuni. Nilijiambia tutaukuta tukishuka. Sikutaka kuiba wala kumponza mtu. Lakini nilipoulizwa aliyebeba ni nani, hofu ya kukosa kazi ilinikaba, nikamtaja mumeo huku nikijua watu watasema ndiye mwizi.

Jana nilikwenda kwa Jairo nikamweleza yote. Alinyoosha mkono, akachukua kwangu ufunguo wa stoo aliokuwa amenikabidhi kwa kazi, akaingia ndani. Kutoka hapo nilitembea hadi Suma. Shemeji nilimkuta migombani, nikapiga magoti. Nilimuuliza mbona hakusema. Akaniambia, “Felista, ningekutaja, wangesema mashemeji wanasingiziana kwa ajili ya unga. Nawe una watoto. Nilikuwa nakungoja.” Mwezi mzima, dada, alikuwa ananingoja, huku watu wanampita njiani bila kumsalimu. Kusamehe amesema amesamehe. Ila barua hii akasema yeye haiandiki, niiandike kwa mkono wangu.

Leo kanisani, baada ya matangazo, nilimwomba mzee wa kanisa ruhusa, nikasimama nikakiri yote. Watu waliguna. Meshaki aliinamisha kichwa. Shemeji alikuwa kwenye benchi la nyuma, na ibada ilipokwisha wanaume watatu walikwenda kumpa mkono. Mimi nilitoka na wanangu kwa mlango wa pembeni.

Mama akipata nafuu, rudi nyumbani kwako. Mumeo hajakuaibisha. Hasira yako yote ni haki yangu. Ukifika, pitia kwangu kwanza uimalize hapa.

Watoto wanakusalimu, na majirani pia. Mbusu mama kwa ajili yangu, lakini haya usimsomee mpaka apate nguvu. Mungu awalinde. Ndaga fijo, asante sana kwa kunisikiliza hadi hapa.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,
Felista