Bahasha ya Posa Iliyokataa Kufungika

Mayu, mama yangu,

Leo nimefungua duka letu la madaftari na bahasha hapa Bariadi nikakuta kiti chako kimesogezwa mezani. Sijakirudisha. Nimekaa pembeni yake nikuandikie.

Tulipomaliza matanga yako, watu wa Nyashimo walileta posa ya mdogo wangu Kabula. Ng'ombe walioahidiwa walimpendeza Baba Mdogo, hakumuuliza mtu. Akaandika jibu la kukubali, akanipa. "Bahasha ni kazi yako. Funga, wiki hii inasafiri."

Ulinifundisha kufunga kwa utomvu wa mgunga uliolowekwa. "Usilambe," ulikuwa ukisema, "mate ya mtu hayasafirishwi." Lakini utomvu ulikuwa umeisha. Nikalamba. Asubuhi bahasha ilikuwa wazi, ukingo umelowa.

Nikasingizia mvua. Nikapika gundi ya unga wa muhogo, nikabandika, nikaikandamiza kwa tofali. Asubuhi tofali lilikuwa palepale, na chini yake bahasha imefunguka, haina hata mchaniko. Nikaibana kwa stepla. Pini nikazikuta mezani, zimenyooshwa mojamoja na kupangwa, kama ulivyozipanga wewe zisituchome tulipokuwa wadogo.

Ufunguo wa duka ni mmoja, Mayu. Nalala nao shingoni.

Nikamwita Kabula aone. Hakushangaa. Alikaa sakafuni akalia.

"Dada, yule mwanaume alianza kunifuatafuata zamani, simtaki. Nilimwambia Mayu kule hospitali, siku ile ya mwisho. Akanijibu, 'Tulia mwanangu, hiyo barua haitafika.'"

Mayu... wakati ule hakukuwa na barua yoyote.

Nilikwenda kwa Baba Mdogo. Alifoka, akasema nimekosa adabu. Nilipomwekea zile pini kiganjani na kumweleza ulichomwambia Kabula, alizigeuza mojamoja, kisha akaomba karatasi nyingine. Akaandika kukataa, kwa heshima. Hiyo niliibandika kwa gundi ileile ya muhogo, sikuiwekea tofali. Ikashika. Nikaipeleka stendi mwenyewe.

Kabula anajifunza ushonaji sasa. Jana nilimsikia akicheka peke yake uani, nikasimama mlangoni nisimkatishe.

Kwaheri, Mayu. Pumzika, umehangaika vya kutosha. Nakuahidi, hakuna posa itakayojibiwa kwetu kabla binti mwenyewe hajasema. Nitasimama mimi. Na ukija tena, uje kutusalimu tu.

Mwanao,
Milembe