Sindano za Musyoka

Jumamosi, Agosti 1999

Leo tena ni Musyoka, Musyoka! Zile spoku za magurudumu zilizopinda nilisema mimi mwenyewe zitupwe. Yeye, fundi mwenzangu, akaziokota, akazinyoosha, akazichonga ncha kwa tupa, sasa ni sindano za kufuma vitambaa. Wamama wametoka mpaka Kathiani kuja kuzichukua. Wamejaa karakana ya kikundi chetu cha mafundi, mwenye baiskeli hana pa kusimama.

Miaka minne nimepanga vipuri kuukuu, pedeli mkebe wake, mnyororo msumari wake. Nani amewahi kuniambia asante? Leo mwenyekiti wa kikundi amesema mbele ya watu, "Musyoka ana macho." Kwani haya yangu ni matundu?

Nimefika nyumbani nimenuna. Mke wangu alikuwa mlangoni anafuma kitambaa cha kiti, anaimba. Nikakiona kile chuma mkononi mwake.

"Hata hiyo ni ya Musyoka?"

"Alinipa bure," akasema, bila kuinua macho. "Wewe nilikuomba sindano tangu Pasaka."

Ni kweli aliniomba. Nilimjibu kwamba mimi ni fundi wa baiskeli.