Mhariri Namba Nne na Madaftari Kumi na Manne

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI
Kituo Kikuu cha Polisi, dawati la makosa ya mtandao, chumba namba 6
Alhamisi, tarehe 11 Julai. Yameanza kuandikwa saa 3:35 asubuhi.

Shahidi: Bwana Tarehe (jina kamili limo kwenye jalada)
Umri: miaka 63
Kazi: mwandishi mstaafu wa habari za mahakama, miaka 31 gazetini
Makazi: nyumba ya pili nyuma ya karakana ya reli, pamoja na dada yake na binti wa dada yake

Leo saa 3:20 asubuhi sajenti anayepeleleza kesi hii ameniambia kwamba mwanamke aliyekamatwa Jumanne amekiri kuwa ndiye Mhariri Namba Nne, na kwamba jalada lake linaandaliwa ili ashtakiwe kama mshirika katika udanganyifu. Ninaongeza maelezo kwa sababu aliyeipa polisi namba ya simu ya mwanamke huyo ni mimi. Katika maelezo yangu ya tarehe 24 Juni nilisema, "Huyu ni mtu wao." Nilikosea, na ninataka ijulikane nilikosea wapi.

Mnamo Jumamosi tarehe 10 Februari, saa 4:00 asubuhi, mpwa wangu alinifuata sebuleni akiwa na kompyuta yake. Ana miaka 26. Wakati huo alikuwa karani wa mapokezi kwenye kliniki ya meno. Alinionyesha tovuti ya huduma inayojiita Dawati Wazi. Wanasema wanawatafutia waandishi kazi: kampuni inahitaji makala ya kuweka kwenye tovuti yake, mwandishi anaiandika akiwa nyumbani, huduma inakata fungu lake. Mwandishi hulipa kiingilio, kisha huandika makala thelathini za majaribio bila malipo. Zikipita zote, anaanza kulipwa.

Mpwa wangu alisema, "Mjomba, niangalizie kama hawa ni watu wa kweli."

Dada yangu alikuwa akipiga pasi pembeni. Akasema, "Umemwendea huyo? Huyo hata bei ya nyanya anaitafutia mashahidi wawili. Utazeeka unasubiri."

Niliomba siku kumi. Nilifungua daftari na kuandika maswali manne. Ofisi yao iko wapi? Makala zinanunuliwa na nani? Nani amewahi kulipwa, nami nikaongea naye? Na la nne: kazi yenyewe wanaijua?

Maswali matatu ya kwanza hayakupata jibu. Hakukuwa na anwani wala simu. Niliwaandikia barua pepe mbili, tarehe 10 na tarehe 11, wakajibu kwa adabu bila kusema kitu. Nilipiga mstari mwekundu chini ya maswali hayo. Mistari hiyo ipo hadi leo, sajenti ameiona.

Swali la nne nililipima mwenyewe. Huduma inaruhusu makala tatu za bure kabla ya kiingilio. Jumatatu tarehe 12 Februari nilitumia jina la mpwa wangu nikaandika makala kuhusu kusafisha tangi la maji la nyumbani. Ndani yake nilipanda makosa saba ya ukweli kwa makusudi. Si makosa ya herufi. Nilizidisha kipimo cha dawa ya kuua vijidudu, niligeuza mpangilio wa hatua, na mengine ya namna hiyo. Niliituma saa 4:10 asubuhi. Ilirudi saa 9:35 alasiri, imesahihishwa na mtu aliyejitambulisha kama Mhariri Namba Nne.

Alikuwa ameyaona yote saba. Kisha akaongeza mawili.

La nane: niliandika kwamba tangi la duara lenye upana wa mita moja na kimo cha mita moja hubeba lita elfu moja. Aliandika pembeni, "Hubeba lita 785. Tafadhali piga hesabu upya." Nilipiga hesabu. Ni 785. Kosa hilo sikulipanda, lilikuwa langu halisi.

La tisa aliliandika mwishoni, chini ya makala yote: "Umemwambia msomaji aingie ndani ya tangi asugue. Hukumwambia awe na mtu nje. Usimwingize mtu tangini peke yake, hata kwenye karatasi."

Niliyasoma hayo nikiwa nimekaa, nikasimama. Nimefanya kazi chini ya wahariri kumi na wawili. Hakuna hata mmoja ambaye angeliona la tisa.

Nilirudia mara mbili, tarehe 14 na tarehe 16, kwa makala ya kutunza viatu vya ngozi na makala ya kupanga nyaraka za nyumbani. Matokeo yalikuwa yale yale. Kwa miaka 31 kanuni yangu mahakamani ilikuwa moja: mtu anayekusahihisha wakati hana faida ya kukusahihisha, mwamini. Jumanne tarehe 20 Februari, mezani, saa 7:00 mchana, nilimwambia mpwa wangu, "Watu wanaofanya kazi hivi ni watu wa kweli. Lipa."

Hapo ndipo nilipokosea. Nilimpima mfanyakazi, nikatoa cheti kwa mwajiri. Maswali matatu yenye mistari myekundu yalikuwa kwenye daftari lile lile, ukurasa ule ule, nikayafunika kwa mkono.

Mpwa wangu alilipa kiingilio siku hiyo hiyo. Tarehe 4 Machi aliacha kazi kliniki ili aandike kutwa nzima. Aliacha kwa neno langu.

Kuanzia Machi hadi Mei aliandika makala ishirini na nane, na zote zilipita kwa Mhariri Namba Nne. Nilizisoma zote pamoja na maandishi ya pembeni. Ya tano ilikuwa na maandishi ya pembeni marefu kuliko makala. Ya ishirini ilikuwa na mistari minne tu. Binti aliyekuwa akiandika kama anajaza fomu ya kliniki alikuwa sasa anaandika kama mtu anayekueleza jambo akikutazama. Siku moja aliniuliza, "Mjomba, huyu mtu hali? Halali?" Dada yangu akasema, "Muulize kama ameoa. Na kama ni mwanamke, muulize kama ana kaka."

Jumatatu tarehe 3 Juni, saa 5:15 asubuhi, mpwa wangu alituma makala ya ishirini na tisa. Saa 8:30 mchana akaunti yake ilifungwa kwa ujumbe wa mstari mmoja: "Umekiuka masharti." Hakuelezwa sharti gani. Saa 8:50 makala ilirudi kwenye barua pepe yake. Pembeni, badala ya masahihisho, kulikuwa na maneno haya: "Si kosa lako. Nipigie," na namba ya simu.

Mpwa wangu alishika simu ili apige. Nilimzuia. Nilimwambia, "Mtuhumiwa hashtuliwi." Alinitazama, akaiweka simu mezani kifudifudi.

Katika wiki mbili zilizofuata nilizitafuta makala zake mtandaoni. Nilizikuta kumi na tisa kwenye tovuti za biashara mbalimbali, ikiwemo ya muuza matangi. Zilikuwa neno kwa neno, bila jina lake. Hivyo niliridhika kwamba majaribio ndiyo yaliyokuwa bidhaa, na kwamba hakuna aliyepangiwa kufika makala ya thelathini. Tarehe 24 Juni nilikuja kituoni na kutoa ile namba. Ilikuwa ndiyo njia pekee ya kumfikia mtu yeyote wa huduma hiyo. Nilijisifu moyoni kwamba nimeipata.

Jana, Jumatano tarehe 10 Julai, sajenti aliniita nitambue vielelezo. Nilifika saa 4:00 asubuhi. Juu ya meza hii kulikuwa na simu moja yenye kioo kilichopasuka na madaftari kumi na manne ya kurasa mia mbili. Sajenti alisema, "Mzee, hizi ni rekodi za genge. Ona, watu kwa namba." Nilimwomba nisome. Nilianza saa 4:15 na kumaliza saa 7:40 mchana. Nililetewa chai, nikaikuta imepoa.

Sajenti ameniambia kwamba mwanamke huyu ana miaka 48, alikuwa mtunza maktaba ya chuo mpaka maktaba ilipofungwa, na anaishi chumba kimoja na mama yake ambaye haamki kitandani. Hana kompyuta. Kazi yote aliifanya kwa ile simu.

Madaftari yamepangwa kama katalogi. Ukurasa wa kushoto ni mwandishi, kwa namba yake. Wa kulia ni kila jambo alilohakiki katika makala ya mwandishi huyo: ameliona kwenye kitabu gani, amempigia nani, saa ngapi. Kuhusu tangi langu alikuwa amempigia fundi bomba mmoja, na mhudumu mmoja wa zimamoto. Waandishi ni 114. Makala ni 1,312. Nilihesabu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuamini. Nilichagua kurasa arobaini bila mpango nikatafuta kosa. Sikulipata. Nimeona majalada ya majaji yaliyotunzwa vibaya kuliko haya.

Mpwa wangu ni Namba 71. Nanukuu, nikiwa na ruhusa ya sajenti.

Tarehe 16 Februari: "71. Makala hizi tatu si za mwenye akaunti. Ni mkono wa mtu mzima aliyezoea magazeti. Anatega makosa, moja kila aya, kwa utaratibu. Pengine anamlinda mtu. Ajibiwe kwa heshima."

Tarehe 8 Machi: "71 mwenyewe ameanza. Anaandika kama anaogopa kuulizwa swali. Asikemewe."

Tarehe 22 Mei: "71 haogopi tena."

Nilifunga daftari hilo kwa muda kabla ya kuendelea.

Daftari la kumi na nne lina nakala za barua kumi na moja alizoiandikia huduma. Tatu kati ya hizo zinauliza kwa nini kila mwandishi anayekaribia thelathini anafungiwa. Nyingine zinauliza ajira yake mwenyewe itaanza lini. Naye alikuwa amelipa kiingilio. Naye alikuwa kwenye majaribio: aliambiwa akihariri makala 1,500 ataajiriwa. Hakuna barua iliyojibiwa. Kwa mujibu wa simu yake, akaunti yake ilifungwa tarehe 6 Juni, siku tatu baada ya kumwandikia mpwa wangu namba ya simu, jambo ambalo masharti yanalikataza. Chini ya ukurasa wa siku hiyo ameandika, "Zimebaki 188." Sidhani aliandika kwa hasira. Ni hesabu tu, na hesabu ni sahihi.

Saa 7:45 nilipotoka, alikuwa amekaa kwenye benchi la koridoni na askari wa kike. Askari huyo aliniruhusu kumsalimia. Ni mwembamba, amevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimwambia mimi ni mjomba wa Namba 71.

Akasema, "Kumbe ndiye wewe, mzee wa tangi."

Nikasema ndiye mimi.

"Zile lita elfu moja. Zile hukuzitega."

"Hapana. Zile zilikuwa zangu."

"Nilijua," akasema. "Makosa yako ya kutega yalikuwa na mpangilio. Lile lilikaa peke yake."

Nilimweleza kwamba namba yake ya simu niliitoa mimi. Aliuliza kama mama yake amepata mtu wa kumgeuza. Askari akasema jirani yuko naye. Kisha mwanamke huyo akaniambia, "Mwambie 71 makala ya ishirini na tisa ilikuwa nzuri. Aifute tu sentensi ya mwisho. Alishamaliza kabla yake, hakujua."

Jana alasiri nilimfikishia mpwa wangu ujumbe huo. Alifungua makala, akaisoma hadi mwisho, akaifuta sentensi. Akasema, "Mjomba, namtaka huyu atoke."

Mwanamke huyu hakuwatapeli watu 114. Alikuwa wa 115. Tofauti ni kwamba yeye aliendelea kuwafanyia kazi hao wengine wakati hakuna aliyekuwa akimtazama. Kwa macho yangu, katika miaka 31 ya kukaa kwenye benchi la waandishi mahakamani, sijawahi kuona ushahidi wa uaminifu uliokamilika namna hii, nao umewekwa mezani kama ushahidi wa wizi. Naomba namba niliyoitoa tarehe 24 Juni isomwe pamoja na maelezo haya, isisomwe peke yake.

Ninalolijua linaishia hapa. Nimelisema kwa hiari yangu, nimesomewa, na nimerekebisha mahali pawili: saa ya kufika kwangu jana, na neno "genge," ambalo nimeomba liwekwe kwenye kinywa cha aliyelisema.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi) Saa 5:20 asubuhi.

MAELEZO YA AFISA: Nimeandika maelezo haya mwenyewe na kumsomea shahidi. Madaftari kumi na manne yameorodheshwa upya, maneno "rekodi za genge" yamefutwa kwenye lebo na kuandikwa "kumbukumbu za kazi." Naongeza kwamba jana mtuhumiwa aliposomewa maelezo yake mwenyewe alisema saa ya kukamatwa imeandikwa vibaya, si saa 1:30 asubuhi bali saa 1:50. Nimehakiki kwenye kitabu cha kituo. Yuko sahihi. Nimerekebisha.

Jalada litafika kwa mwendesha mashtaka kesho, Ijumaa tarehe 12 Julai, saa 4:00 asubuhi, likiambatana na maelezo haya. Shahidi na mpwa wake wameagizwa kuwepo.

Sajenti, dawati la makosa ya mtandao.