Chupa Iliyokutwa Ndani ya Maharagwe

Dada Karimi,

Sasa hivi Rwamba amepanda mapajani mwangu, akashika upindo wa gauni lake, akanipangusa uso. "Mama, mvua," akasema. Nje jua linawaka, Karimi. Mvua anayoiona ni jasho langu. Nimecheka mpaka machozi, halafu nikampa kigunzi cha hindi akibembeleze kama mtoto, nikachukua kalamu.

Mko namna gani huko Nkubu? Goti la Mama limekubali kupanda mlima wa kanisani? Baba bado anakohoa? Sisi ni wazima wa kutembea, namshukuru Mungu. Mume wangu Njiru angali anapiga randa kwenye karakana ya serikali mjini Embu. Huja Jumamosi na kurudi Jumapili kabla ya kafiu, ile saa ya kutotoka nje. Nakuandikia kwa Kiswahili changu cha darasa la nne kwa sababu barua za Kimeru karani wa hapa anayezikagua huzikalia. Asichokielewa, yeye husema ni cha wapiganaji wa msituni. Nawe karani, kama umeifungua hii, soma tu. Hata wewe ulizaliwa na mwanamke.

Kuanzia hapa, Karimi, msomee Mama peke yake. Baba akiwepo, ruka, umwambie nawasalimu ng'ombe.

Unakumbuka siku ile nilipojifungua, ulivyoacha mashuka yako ya kufua pale hospitalini ukaja kunishika mkono. Rwamba alitoka akilia vizuri, halafu mimi nikaoza kwa ndani. Wakanipasua, wakatoa nyumba ya mtoto pamoja na vile vifuko viwili vya mayai. Sista alinieleza polepole kwamba mwili wangu umerukishwa miaka, umeingia kwenye uzee ambao Mama ameuingia juzi tu, nami sijafika hata umri wako. Ndipo akanipa vile vidonge vidogo, kimoja kila asubuhi, nimeze miaka na miaka, mpaka nifikie umri ambao wanawake wote hukoma. Nilipokuwa navimeza nilikuwa mtu. Nililala, nililima, Njiru akija nilifurahi.

Sasa sikia kosa langu. Huku ni Njiru peke yake aliyejua yaliyotolewa. Tulikubaliana tunyamaze, maana baba yake akisikia hakuna mtoto mwingine, ataanza kumtafutia mke wa pili. Kwa hiyo nilipokuja kwenu kwa pasi, kile kibali cha safari, kuchukua chupa nyingine, niliizika katikati ya maharagwe aliyonipa Mama. Langoni mwa kijiji homugadi, yule askari mlinzi, akaingiza mkono kwenye kiondo mpaka kiwikoni. Akaitoa chupa. Ungeona uso wake, ungedhani ametoa bastola.

Nikapelekwa kwa hedimani, mkubwa wa kijiji.

"Dawa inayofichwa ina safari," akasema. "Inaenda wapi? Msituni?"

"Hapana, mzee. Ni yangu."

"Una kidonda?"

"Sina."

"Homa?"

"Sina."

"Basi unaumwa nini?"

Karimi, kwenye benchi kando yake ameketi baba mkwe wangu na fimbo yake, yeye ni mmoja wa wazee wa kijiji. Mbele yake hata mguu siunyooshi. Nitaanzaje kutaja nyumba ya mtoto? Mdomo ukajisemea wenyewe, "Kichwa."

"Chupa nzima kwa kichwa kimoja!" Watu wakacheka. Baba mkwe akatazama chini. Chupa ikafungiwa kwenye sanduku la hedimani, na pasi nikanyimwa, kwa hiyo siwezi kuja huko tena. Dresa, yule mfunga vidonda wa zahanati ya hapa, nimemwuliza. Anasema dawa ya namna hiyo hajapata kuiona maishani mwake.

Huu ni mwezi wa pili. Joto hunipanda kutoka kifuani hadi masikioni nikiwa nachimba ule mtaro wa serikali, natupa jembe, na homugadi ananiita mvivu. Silali. Viungo vinauma. Sufuria ikianguka, nalia. Na Njiru, nikuambie nini? Akinikaribia naumia, najigeuza. Naona anavyofunga viatu mapema siku ya Jumapili.

Na kuna jambo jingine, hili mwambie Mama kwa upole. Rwamba, binti wa kwanza, tulimpa jina la mama mkwe, kama ilivyo desturi. Wa pili angekuwa Mama. Mwambie anisamehe, jina lake halitatoka kwangu. Wewe ukijaliwa, mzae, nami nitakuja kumbeba.

Sasa wiki hii mama mkwe amenikamata. Yeye huniita "mama" kwa kuwa nilimzaa wa jina lake. Tulikuwa mtaroni, akanitazama nilivyolowa.

"Mama, jasho hilo nalijua. Mimi lilinikuta na mvi. Wewe umelitoa wapi?"

Nikamwambia yote. Alichimba kwanza, akaegemea jembe, akachimba tena.

"Basi tulia," akasema. "Huku kwetu mwanamke aliyekoma huketi na sisi vikongwe, na sisi hatuna haya. Tukisema neno, wanaume ndio huinamisha vichwa. Njoo tukuhesabu mwenzetu, usimame umwambie hedimani dawa ni ya nini."

Nyuma yetu kulikuwa na bibi mmoja asiye na meno. "Lakini ujue," akasema, "kikongwe hapandi kitanda cha mume. Tukikuhesabu, yule seremala utamwachia nani? Mimi?"

Tulicheka sote, hata mimi. Nilipofika nyumbani sikucheka tena. Nihesabiwe mzee ili nipewe dawa ya kunitoa uzeeni?

Kwa hiyo nakuomba, dada. Ukimaliza kufua, mwone daktari. Aandike kwa Kizungu, na muhuri, kwamba dawa hii haitibu kidonda wala risasi, ni ya wanawake tu. Aandike hivyo, asizidishe. Hedimani hajui kusoma Kizungu lakini muhuri anauogopa sana, atalifungua sanduku, naamini. Na kama watakupa chupa nyingine, atakayeileta asiifiche popote. Aishike mkononi, kila mtu aione. Nina tumaini, Karimi. Nikipata vile vidonge, nitakuwa tena yule Kagendo unayemjua.

Nisalimie Mama, na Baba, na shangazi wa Mitunguu anayewaletea ndizi, na kaka yetu Mutwiri mwalimu, asiwachape watoto wa watu. Mwambie mke wake kwamba...

Ngoja, mama mkwe ananiita huko nje. Karimi, amekwenda mwenyewe! Amemwambia hedimani ni dawa ya kike, naye hedimani anataka kusikia kwa mwenye nayo. Sanduku liko wazi, baba mkwe yupo palepale kwenye benchi. "Mama, njoo! Njoo useme kabla hajageuza moyo!"

Nimeshamfunga Rwamba mgongoni, naandika nimesimama. Sitasema mimi ni kikongwe. Nitamtazama baba mkwe, Mungu anisamehe, nimwambie mtoto mwingine hatakuja, lakini mimi mke wa mwanawe bado ni mke, na dawa ni yangu. Naenda.