Mkono wa Tano wa Naitrojeni

Mdogo wangu, mwalimu wetu wa kemia,

Pokea salamu za nyumba nzima. Natumai kile kikohozi kimekuacha na wanafunzi hawakutoi roho. Mama hajambo, anakuulizia kila siku. Shemeji yako hajambo. Mimi nipo.

Kwenye simu ulishangaa nimefunga karakana. Nikakwambia tu pipa la dawa ya kulainisha nguo niliyokuwa nikitengeneza limeharibika. Leo nakueleza yote.

Unakumbuka kabla ya hapo nilikupigia nikakuuliza naitrojeni ina elektroni ngapi za nje. Ukajibu tano, ukasema una kipindi, ukakata. Shule niliiacha mapema, mdogo wangu, lakini hesabu sikuiacha. Ile kemikali niliyonunua, wanayoiita amini, naitrojeni yake ilikuwa imeshika kaboni tatu tayari. Tano toa tatu, mbili. Basi kwa kila kipimo cha amini nikamimina vipimo viwili vya ile kemikali ya kuongeza kaboni.

Siku ile ya simu ya karakana, nilipokutajia vipimo vyangu, ndipo uliponifundisha vizuri: kwamba katika zile tano, mbili hukaa jozi, na jozi nzima huishia kwenye kifungo kimoja tu, cha nne. Hapo naitrojeni hubaki na chaji, tano toa nne, chanya moja, na nafasi imekwisha. Ukasema nimeiotesha mkono wa tano kama pweza mgonjwa. Nikacheka nawe. Somo tamu, ila pipa nilikuwa nimeshalifungua.

Kile kipimo cha pili hakikuwa na pa kushika. Kilibaki humo, hakina harufu ya kumshtua mtu. Nilifunua kifuniko, nikainama kutazama kama dawa imekolea. Sikuhisi kitu, kumbe mvuke wake umeniingia machoni. Jioni macho yakawaka kama nimepakwa pilipili.

Utakuwa umeona mwandiko huu si ule wangu wa kuku. Ni wa shemeji yako, mimi natamka. Ninachoona ni mwanga wa dirisha tu, na daktari amesema nisitarajie zaidi. Mama bado hatujamwambia. Hilo nakuachia wewe, uje umwambie.

Tano yako ilikuwa sahihi, siilaumu. Ninachokulaumu ni kwamba hukuuliza naitakia nini.

Siku hizi nachora mezani kwa kidole: vifungo vinne, na alama ya kujumlisha. Shemeji yako ananiambia kama nimepatia.

Wasalimie wanafunzi wako. Wakikuuliza ngapi, nawe waulize za nini.

Ni mimi,
Kaka yako