Baba, Nani Alilichimba Jiwe Hili?

Baba yangu,

Assalamu alaikum, wewe uliyetutangulia.

Nimemaliza shule. Matokeo bado, na Mama aliponiona nazunguka nyumbani kama kuku anayetafuta pa kutaga, akanipeleka kwenye duka la vito la Ami, mtaa wa Ndia Kuu. Nakaa kwenye kiti chako, nyuma ya kabati la kioo. Koleo lako jembamba bado lipo mezani. Mteja akiingia, mimi hujifanya napanga pete ili asalimiane na Ami, ndugu yako.

Unakumbuka Mzee Mwadime alivyokuwa akishuka kutoka Taita na vito vyake ndani ya kisanduku cha kibiriti, vimezungushiwa pamba? Mimi ndiye niliyekuwa nikileta kahawa na kashata. Mlikuwa mkiulizana hali za watoto, mvua na ng'ombe mpaka vikombe vikauke, ndipo kibiriti kifunguliwe. Siku moja nilimuuliza jiwe moja la kijani alilolileta lilikuwa la nani kabla halijawa lake. Ukanigusa bega. Alipoondoka ukaniambia, "Mgeni haulizwi riziki yake imetoka wapi. Ni kumvunjia heshima." Niliona haya. Jioni ukanipa lile jiwe nilitazame dirishani, ukasema ndani yake mna msitu. Niliuona kweli, Baba.

Mwezi uliopita alikuja Nasra, msichana wa mtaa wa Tudor anayekaribia kuolewa. Alichagua kito cha kijani, lakini alisema hatakivaa mpaka ajue kwamba aliyekichimba alitendewa haki. "Sitaki kuvaa kilio cha mtu," alisema, taratibu tu, kama anayeomba maji. Ami akamwambia aondoe shaka, muuzaji ni mtu wetu, amekula kwetu Idi ngapi. Nasra alipotoka, Ami akaniagiza niandike kwenye kadi ya pete kwamba jiwe limetoka kwa wachimbaji wanaotendewa haki. Mwandiko wangu ndio mzuri, alisema.

Sikuandika. Kila nikishika kalamu nilikumbuka kitu kingine cha kufanya: kufagia, kupanga pete, kufagia tena.

Juzi Mzee Mwadime akaja. Ami alikuwa amekwenda kuswali alasiri. Nikamtilia kahawa, na kabla hajaimaliza nikamuuliza. Hakukasirika. Alieleza kwamba yeye hununua kwa tajiri wa shimo, anayegharamia uchimbaji. Tajiri huwalisha wachimbaji unga na maharagwe, mshahara hakuna. Jiwe likitoka, bei anaitaja yeye, na asiyeitaka hana pengine pa kuuza.

"Likiwa dogo," alisema, "huambiwa wameshalila, kwa ule unga."

Nikamuuliza kama wewe ulijua.

"Baba yako aliniuliza mara moja tu. Mkononi alikuwa na jiwe la pete ya mamako. Nikamwambia kama nilivyokwambia wewe."

"Akasema nini?"

"Alisema, kunywa kahawa, mzee, itapoa."

Tangu hapo situlii, Baba. Mama akiosha vyombo naitazama ile pete inavyometameta ndani ya povu, nami natoka jikoni bila sababu. Ulinyamaza kwa heshima, au kwa kuwa jiwe lilikuwa zuri mno? Na yale maneno ya mgeni haulizwi, ulinifundisha kabla hujajua au baada ya kujua? Sikuhukumu. Ningekuwa mimi, na mbele yangu kuna jiwe kama lile na mke ninayempenda, sijui ningefanyaje. Ila nilizoea kukuuliza kila kitu, na hili moja ndilo huwezi tena kunijibu.

Jana Nasra alirudi. Kadi nilikuwa nimekwisha kuiandika: "Kito cha kijani, Taita. Aliyekichimba hatumjui." Ami aliisoma akiwa amesimama nyuma yangu. "Utanifungia duka, wewe," alisema. Lakini hakuichana.

Nasra alisoma, akaniuliza sasa afanye nini. Na mimi nisiyeweza kumtazama mgeni usoni, nikamtazama. Nikamwambia asubiri. Nikamwambia nitamwomba Mzee Mwadime anipeleke shimoni, niwaone wachimbaji wenyewe, niwaulize kama wanaweza kutuuzia bila kupitia kwa tajiri. Maneno hayo sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Niliyasikia mara ya kwanza yakinitoka kinywani. Nasra aliiacha pete juu ya kioo, akasema harusi yake haina haraka kuliko hilo.

Ami alifuta kioo mahali pamoja kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, bila kugeuka:

"Huko Taita usiku kuna baridi?"

Mimi na Ami tunaondoka Jumamosi; Mzee Mwadime amekubali kutupeleka. Huenda tukafukuzwa, huenda nikarudi na jibu nisilolipenda. Mola alitie nuru kaburi lako, na anisamehe nikikuuliza tena.

Mimi, kitindamimba wako